Swali la Tatu la Asubuhi

Vijana wa ofisi wameniomba niandike namna ya kutatua matatizo ya timu. Niliwajibu kwamba matatizo ya timu hutatuliwa na timu, na kwamba mimi nilikuwa mama wa kufungua mlango na kuangalia kama betri ina chaji. Hawakukubali. Basi, nimekwisha bwaga manyanga, ninakaa nyumbani kuku wakinipita miguuni, na muda ninao. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa virefu kwa jina tu, na mshahara kila mtu wa mji wetu wa Uvira anajua jinsi unavyopenda kusafiri kabla ya kufika.

Siku ya kwanza kazini sikuona kompyuta. Niliajiriwa kupiga barua kwa mashine ya kuandikia ambayo herufi yake ya R ilikuwa imechoka, ukiigonga inanyanyuka nusu na kurudi kulala. Kwa hiyo barua zangu za kwanza zote zilitoka katika mji uitwao Uvia. Hakuna aliyelalamika, nadhani kwa sababu hakuna aliyezisoma.

Kompyuta nilifundishwa na Deo, fundi wa redio aliyekuwa akitutengenezea mitambo. Ile ya kwanza aliifunika kwa kitenge dhidi ya vumbi, akaikataza jua, akamkataza kila mtu kuweka chai karibu. Alinifundisha kwamba kabla ya kufungua mashine iliyokufa umuulize mwenyewe alikuwa akifanya nini ilipozimika, kisha usikilize anachoruka.

"Mashine haifiche, Mama Faida," aliniambia. "Inakuonyesha fasi inaumwa. Muntu njo anaficha."

Kwamba mashine huonyesha mahali panapouma na mtu ndiye anayeficha, nililichukua kama neno la mafundi, nikacheka. Deo alivuka mpaka katika mojawapo ya vita, akazikwa ng'ambo, nasi hatukuweza kwenda. Mpaka leo nikifunika kompyuta ninaifunika kwa kitenge.

Miaka ilipita, tukawa timu ya kuandika programu, mimi nikiiongoza. Tulikuwa wachache, chumba chetu kikiwa ghorofani juu ya duka la simenti, kwa sababu chini maji ya mto yalikuwa yakiingia bila kubisha hodi. Ndipo mtu akaja kutoka Bukavu kutufundisha ile mbinu inayoitwa agile. Nitaieleza kwa lugha ya nyumbani. Usijifungie ukamjengea mteja nyumba nzima, mjengee chumba kimoja, mwite akione, rekebisha, kisha jenga kingine. Kila kazi ndogo inaandikwa kwenye fishi, kile kikaratasi kigumu, pamoja na jina la anayeifanya. Fishi zinabandikwa ukutani chini ya vichwa vitatu: Ya kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Na kila asubuhi timu inasimama mbele ya ukuta, kila mtu anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, nini kinakuzuia. Mnasimama ili miguu iwakumbushe kumaliza.

Yule mwalimu alikuwa hodari, ila hatujui alifundishia wapi kabla yetu. Kikao kilipaswa kuwa kifupi, lakini kwetu humuulizi mtu kazi kabla hujamuuliza alivyolala, watoto, mguu wa mama yake, na kama maji yametoka nyumbani. Tulisimama mpaka visigino vikauma, na swali la kwanza halijafika. Nilihamishia salamu chini, kwa mama muuza chai. Aliyetaka kusalimia alifika mapema, akasalimia akiwa na kikombe mkononi, na tukipanda ngazi tunapanda kwa ajili ya kazi. Wakuu wa mradi hawakuelewa kwa nini chai ilikuwa katika matumizi ya programu. Sikuwaeleza.

Tatizo jingine lilikuwa neno kesho. Kila kazi ilikuwa ya kesho. Niliacha kuuliza utamaliza lini, nikawa nauliza Ijumaa utanionyesha nini kwenye simu. Mtu akikosa cha kuonyesha hujui tu kwamba amechelewa, unajua na mahali alipokwama. Wateja nao walisifu kila kitu. Ukimwita muuguzi aone programu anasema muzuri sana, asante sana, kisha akirudi kazini haifungui kamwe. Dawa yake ni kumwekea simu mkononi, kufunga mdomo, na kutazama vidole vyake. Vidole havina adabu ya uongo.

Mawili ndiyo yalinishinda. La kwanza ni swali la tatu. Nini kinakuzuia? Kila asubuhi, kila mmoja: "Hakuna. Iko sawa." Kwetu kusema umezuiwa mbele ya watu ni kama kulalamika, au kumshitaki aliye pembeni yako. Niliweka sanduku waandike bila jina. Nilipata karatasi moja, ikisema sukari ya chai ipunguzwe. La pili lilionekana kama heshima, ndiyo maana nilichelewa kuliita tatizo. Fishi yenye jina lako ni shamba lako, na mtu haingii shamba la mwenzake kupalilia mwenyewe hayupo. Mwalimu wa Bukavu alisema wawili wakae kwenye mashine moja, wabadilishane kazi. Vijana waliitikia kwa kichwa, kila mtu akarudi shambani kwake.

Sasa nifike kwa Bosco.

Bosco alizaliwa Lubarika, kwenye tambarare ya Ruzizi, akaoa na kuishi Kavimvira. Alizungumza Kifuliiru cha kwao, Kirundi cha majirani, Kifaransa cha shule, na alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni. Tulikuwa tumeagizwa programu ya serumu, yale maji ya dripu anayotundikiwa mgonjwa. Kipindupindu kikija na mvua, kituo kimoja cha afya kinaishiwa serumu wakati cha jirani kina maboksi yamejaa, na hakuna anayejua. Muuguzi anatuma pikipiki kuuliza kituo hadi kituo, mgonjwa amelala anakauka. Programu yetu ingepokea ujumbe mfupi kutoka simu yoyote ile, na kumjibu muuguzi serumu iko wapi karibu yake. Kazi ya Bosco ilikuwa moyo wa mambo yote: kuifanya mashine ielewe ujumbe wa wauguzi, ambao kila mmoja huandika kwa lugha iliyomjia kwanza.

Katika kikao cha asubuhi Bosco alikuwa akiegemea fremu ya mlango. Tulimtania sana kwa hilo.

"Weye, Bosco," Esperansi alikuwa akimwambia, yule binti aliyeandika upande wa ramani za vituo, "uko nashikilia nyumba isianguke?"

"Nikiachilia tu, mutaona," anajibu, na kicheko kinaanza.

Kisha zamu yake ikifika: jana hivi, leo vile, kinachonizuia hakuna, iko sawa. Jumatatu moja mlango ulikuwa mtupu. Alilazwa figo zikiwa zimekwisha kuchoka zamani, na kabla hatujapanga nani aende kumwona zamu ipi, alikuwa amefariki. Nililia kwenye ngazi, kwa sababu juu vijana walikuwa wakilia na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Tulimzika. Tuliporudi, fishi yake ilikuwa ukutani chini ya Inafanywa, imeandikwa kwa mkono wake: Kuelewa ujumbe. Bosco. Hakuna aliyeigusa. Nilidhani ni majonzi ya siku za kwanza, yatapungua. Juma likapita, na lingine. Vijana walifanya vipande vyao mpaka vikafika kwenye ukingo wa kipande cha Bosco, hapo wakakunja mikono. Nilimuuliza Esperansi kwa nini hafungui kompyuta ya marehemu, naye alinitazama kama niliyemwambia avae shati la marehemu.

"Mama, kilio haiyaisha," alisema. "Bintu ya muntu haiguswe."

Nilijua anachosema. Kwetu vitu vya marehemu, jembe, koti, redio, hukaa vilivyo mpaka siku ya kuanua matanga, mkubwa wa ukoo avigawe mbele ya watu. Anayegusa kabla anaitwa mwenye haraka ya kifo. Mkubwa wa ukoo wa Bosco alikuwa baba yake mkubwa, anayefuga ng'ombe Bijombo, juu milimani, na njia ya kushuka ilikuwa imefungwa na mapigano. Matanga yangesubiri njia.

Mvua haingesubiri. Ofisi iliyotuagiza kazi ilituma neno kwamba tusipoonyesha kitu kabla ya mvua kuanza, kazi yote itapewa timu ya mbali, waanze upya kwa namna yao. Maana yake yote aliyoandika Bosco yatupwe. Ningeweza kuamrisha, kiongozi ni mimi. Lakini timu inayolazimishwa kumvua maiti nguo haiandiki tena kitu kizuri, na mimi mwenyewe moyo ulikataa. Upande mwingine niliona wauguzi na pikipiki zao, na mgonjwa juu ya mkeka.

Nilikwenda Kavimvira kwa mjane, Riziki. Alikuwa ameketi chini ya turubai uani, shangazi wa marehemu kando yake, wanawake wakitwanga sombe, majani ya mhogo. Nilikaa mkekani, nikatoa pole tena, nikaeleza yote.

"Hiyo kode," aliniuliza, maana yake maandishi ya programu, "ni kintu ya biro ao ni kintu yake?"

"Kwa karatasi ni ya ofisi, mama. Kwa ukweli ni jasho lake."

"Basi si yangu kuitoa. Tumuulize baba mukubwa."

Alimpigia simu pale pale, akaiweka wote tusikie. Sauti ya mzee ilikuja na upepo wa milimani, ikipotea na kurudi. Nilimweleza programu kadiri nilivyoweza.

"Muntu akikufa," akasema, "na maharagi yake mu shamba imekomaa, tunaacha ioze?"

"Hapana, mzee."

"Tunavuna. Kilio iko, machozi iko, tunavuna. Lakini haipite kwa nyumba ya muntu mwingine. Inaingia kwanza kwa mulango ya mujane. Mumenisikia?"

Tulimsikia. Kesho yake tulifungasha kompyuta ya Bosco ndani ya kitenge, betri juu ya pikipiki, nyaya ndani ya ndoo, na tukahamia matangani. Nimefanya kazi katika ofisi nyingi mbaya, ile ndiyo bora niliyowahi kuwa nayo. Esperansi aliiwasha mashine uani mbele ya Riziki, na hakuna aliyemwona kuwa mwizi. Wazee walisogeza viti kutazama. Watoto walifukuzwa, wakarudi. Mchana tulikula ugali wa fufu na sombe pamoja na wafiwa, tukarudi kazini.

Bosco alikuwa ameifundisha mashine kila namna wauguzi wanavyosema kitu kimekwisha. Serumu zimeisha, zimekatika, hakuna hata moja. Vyaheze, kwa Kirundi. Kulikuwa na neno moja la Kifuliiru ambalo Esperansi, mzaliwa wa mjini, hakulijua, akalisoma kwa sauti. Shangazi aliacha kutwanga.

"Hiyo neno ni yangu," alisema. "Alikuwa mutoto wa kuomba chakula tena na tena. Njo nilikuwa namuambia vile, kama chungu imekwanguliwa mpaka chini." Alicheka, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Kikao cha asubuhi tulikifanya palepale. Lakini matangani husimami ukiwa juu ya wafiwa, kwa hiyo tulikaa mkekani, duara, na Riziki akiwa mahali alipokuwa amekaa, katikati yetu. Maswali yakazunguka. Jana, leo, kinachokuzuia. Hakuna, iko sawa. Hakuna, iko sawa. Esperansi, aliyekuwa akiendesha kikao, alikuwa anatazama karatasi yake, na kwa mazoea ya zamu akamgeukia aliyefuata, ambaye alikuwa Riziki.

"Na weye, nini inakuzuia?"

Alishtuka mwenyewe, akataka kuomba radhi. Riziki alimzuia kwa mkono.

"Minye?" akasema. "Bosco alikuwa anaumwa tangu mwaka ile ingine. Asubuhi anavaa kiatu moja, anapumuzika, anavaa ya pili. Aliniambia nisiseme kwa biro, batamuonea huruma, batamutosha ku kazi, batamufukuza. Mangaribi namuuliza, leo ku kikao ulisema nini? Anasema, nilisema iko sawa." Alituangalia mmoja mmoja. "Sasa munakaa hapa ku kilio yake, na muko nasema iko sawa. Njo hiyo inanizuia. Kila mara nasikia hiyo neno, namuona anavaa kiatu."

Nilikumbuka fremu ya mlango, na ule utani wetu, na kicheko chake kilivyokuwa kikituziba macho. Nilikumbuka na Deo pia, na neno lake kwamba mtu ndiye anayeficha. Uchungu ule sijui kuuandika.

Esperansi ndiye aliyeanza upya. "Minye nilisema uongo," alisema. "Hii kode ya Bosco, pale katikati, sijue inafanya nini. Niko naogopa tangu juzi, na nilikuwa na haya." Kijana wa kujaribu programu kwenye simu akasema nyumba ya mama yake imeingia maji na yeye usiku halali. Mwingine akasema haelewi ramani za Esperansi na hajawahi kuzielewa. Zamu ilizunguka tena, ikanipita mimi tu, maana kiongozi huuliza tu, haulizwi. Siku ile wawili walikaa kwenye mashine moja bila kuambiwa na mtu. Kipande cha katikati, kile kilichomtisha Esperansi, walikielewa wakisomeana kwa sauti kama watu wanaosoma barua ya ndugu.

Mvua ya kwanza ilitukuta bado chini ya turubai. Muuguzi wa Lubarika, ambaye tulimwomba ajaribu, aliandika ujumbe wake alivyozoea, nusu Kiswahili nusu Kirundi: serumu vyaheze huku. Tuliinamia mashine wote, wazee wakituinamia sisi. Ilielewa. Ikamwambia kituo cha jirani chenye akiba, na baada ya muda muuguzi akapiga simu mwenyewe, akipiga kelele kwamba pikipiki imekwenda moja kwa moja na imerudi na boksi, na kwamba mgonjwa, mwanamke aliyefika na mtoto mgongoni, amewekewa serumu. Watu walipiga makofi matangani, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Timu ya mbali haikuitwa tena.

Nilikuwa nimeichukua fishi kutoka ukutani na kuja nayo. Nilimkabidhi Riziki, nikamwambia ni haki yake kuiweka chini ya Imekwisha. Aliishika, akasoma mwandiko wa mume wake, akanirudishia.

"Usiiweke pale, Mama Faida. Imekwisha nimeisikia mingi mwaka hii."

Basi ilirudi chini ya Inafanywa, ikakaa pale mpaka njia ya Bijombo ilipofunguka na mzee akashuka na fimbo yake. Siku ya kuanua matanga aligawa jembe, akagawa koti na redio, kisha akaomba kile kikaratasi. Alimpa Esperansi mbele ya watu wote. Akamwambia anayerithi chombo cha mtu anairithi na nyumba yake, asiache kupita kumjulia hali mjane. Esperansi amepita kila Jumapili mpaka leo. Kwenye ofisi yetu hakuna tena fishi yenye jina moja, zina majina mawili, na asubuhi tunakaa kwenye benchi. Mwalimu wa Bukavu alitukuta hivyo, akasema kikao hiki kwa mujibu wa mbinu ni cha kusimama. Tulimpisha akae.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia soda na keki. Lakini kabla ya soda kulikuwa na kikao, na Esperansi ndiye aliyekiendesha. Alizunguka benchi yote, akafika kwangu, na badala ya kunipita akasimama.

"Mama Faida, na weye. Nini inakuzuia?"

Miaka yote hiyo nimeliuliza swali hilo, sijawahi kulijibu. Nilisikia iko sawa ikipanda kooni, nikaimeza.

"Magoti," nikasema, wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikasema lile lingine. Nikasema kila asubuhi nikifika naangalia kwanza fremu ya mlango, na ikiwa tupu, moyo unaniambia tungoje kidogo, hatujafika wote. Nikasema nimechoka kungoja, na nyumbani ninakokwenda nako kuna mlango, nao najua nitauangalia hivyo hivyo.

Nikaishia njiani. Hakuna aliyekimbilia kuniambia pole. Walikaa kwenye benchi, wakaningoja nimalize.